Wa Mwisho

Miaka ishirini na tisa Famau aliendesha nyuma yetu sote.
Si kwa uzembe: Suzuki yake ilizishinda zetu kwa nguvu.
Ila yeye ni fundi wa kanzu, na alisema
msafara bila pindo utafumuka,
uzi mmoja mmoja, na mbele huko hakuna atakayejua.

Nami nilijifunza kuendesha kwa kutazama kioo:
taa yake ya manjano, iliyopinda kidogo kushoto
tangu alipokutana na ng'ombe pale Minjila.
Ikipotea, nilipunguza mwendo.
Ikirudi, niliongeza mafuta.
Jambo hilo hatukuwahi kulizungumza.

Kwa taa hiyo tulifika Moyale, matope mpaka magotini.
Tulilala Laisamis, watu wanne turubai moja,
Chengo akikoroma kama kabureta iliyoingia maji.
Kwa taa hiyo tulirudi kutoka Hola usiku ule
nilipopigiwa simu kwamba mama ameaga.
Hakuna aliyesema pole, hata mmoja.
Walinizingira tu, mmoja mbele, mmoja ubavuni,
na taa nyuma,
mpaka mlangoni kwetu Ganda.

Sukari ndiyo iliyomnyang'anya barabara.
Kwanza vibao vya njiani, kisha tundu la sindano,
kisha nyuso, kisha mchana wenyewe.
Suzuki tuliisukuma hadi gereji ya Chengo, Maweni.
Chengo akaifunika kwa leso ya marehemu mamake
na kuwafukuza wanunuzi watatu, mmoja ana dola mkononi.
Safari iliyofuata kila mtu alitaka kuwa mbele.
Tulipofika Gongoni Tete alisimama kando ya njia,
akainama, akajifanya anakagua cheni.
Cheni ilikuwa nzima.
Tukageuza.

Leo alfajiri nimekwenda kumchukua.
Bi Mwanaidi amemfunga kofia kidevuni
kama anayempeleka mwana chuoni siku ya kwanza.
"Mbeyu, mrudishe kabla ya adhuhuri.
Na akikuomba usukani, jifanye kiziwi."
Majirani wa Shela wamefungua madirisha.
Na wafungue. Nina miaka sitini na miwili,
na nusu yao nimewadunga sindano matakoni.

Amenishika mabega kwa wepesi,
vile alivyozoea kumpima mteja.
Chengo na Tete wametangulia.

"Daraja la Sabaki," amesema,
mimi sijasikia bado lami ikibadili sauti.
"Mto umejaa. Unanuka udongo wa bara."
Mambrui amenyamaza kidogo, akainua kidole kimoja
kuusalimu msikiti, upande uleule ulipo.
Kisha: "Valvu yako inagonga. Tangu lini?"
Tangu Aprili, nimejibu.
"Februari. Unapita dirishani kwangu kila Jumanne,
unakwenda sokoni, unarudi, huingii."

Nilitaka kumwambia kwa nini siingii.
Upepo umenijaa mdomoni.
Amenigonga bega mara mbili, kama zamani
alivyokuwa akipiga taa mara mbili: nimekuona, twende.

Baada ya kona ya mashamba ya mkonge, vumbi limetanda.
"Nani yuko nyuma?" ameuliza.
Nimetazama kioo, mazoea ni ugonjwa.
Hamna kitu. Vumbi, na ukingo wa kofia yake.
Ni sisi, Famau. Leo mimi ndiye wa mwisho.

Amecheka mpaka tumbo lake limenitikisa mgongo,
mpaka pikipiki imeyumba na mbuzi wamekimbia.
"Wewe? Hebu hesabu vizuri, sista.
Wewe uko mbele yangu."

Nimeongeza mafuta.