Mtachoka na Hatuchoki

Siku baba alipomaliza kupigilia vigingi vya mpaka
aliletewa mtoto wa mbwa, mwekundu kama udongo wa Mbale.
Akamwita Mtachoka.
Akamwita jioni, kwa sauti, uso ameuelekeza kwa Egesa.
Hata sisi watoto tulijua anayeitwa si mbwa.

Wiki haikwisha. Ng'ambo ya mnyaa
Egesa naye akaleta wake, mweusi, kifua cheupe,
na kabla hajamjengea kibanda
alikwisha kumpa jibu alibebe:
Hatuchoki! Hatuchoki, njoo ule!

Miaka tisa tulisalimiana hivyo.
Mama anapepeta maharagwe, mimi nakata nepia,
jua linaingia nyuma ya mawe ya Maragoli,
na majina mawili yanavuka ua,
yanarudi, yanavuka tena.

Baba ndiye aliyechoka kwanza. Mwezi wa nne, mvua kubwa.
Egesa akamfuata kabla mahindi hayajabeba.
Akabaki Ayuma mjane, na mwanawe akaja na pikapu kutoka Kitale,
akapakia viti, masufuria, kuku wanane.
"Kule sakafu ni ya vigae," alisema. "Mbwa hapana."

Ndipo nilipomwona Ayuma mlangoni petu,
mara ya kwanza tangu nilipokuwa na meno ya utoto,
ameshika kamba, na mwisho wa kamba
lile jibu limekaa, linapiga miayo.
"Mihogo hali," akasema. "Na radi anaiogopa."
Basi. Mpaka hakuutaja.

Nikafuata maagizo ya Mudaki wa dawa za mifugo:
usiwakutanishe uani, uani pana mwenyewe.
Nikabadilisha magunia yao, huyu alalie harufu ya yule.
Sahani mbili, pembe mbili za nyumba.
Siku ya tatu tukawatoa kwenye njia ya kinu,
mimi na kamba moja, mpwa wangu Kageha na nyingine,
hatua kumi kati yetu, kisha saba, kisha nne,
vidole vimekufa ganzi, fimbo kwapani.

Mtachoka akanusa.
Hatuchoki akanusa.
Mkia mmoja, halafu wa pili,
halafu mabega yakaanza kugongana
kama wanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule.
Wakatupokonya kamba, wakatimua mbio,
nasi nyuma yao, hadi kwenye mnyaa,
na pale chini, karibu na kigingi cha baba,
tundu.

Laini kama mdomo wa mtungi.
Vijiti vyake vimeshika nywele nyekundu na nywele nyeusi,
za zamani na za juzi,
na katikati mfupa mmoja, umetafunwa pande zote mbili.
Niliketi chini na gauni langu la kanisani.
Usiku kucha, sisi tumelala na hasira zetu,
walinzi walikuwa wakitembeleana.

Anayekataa ni Nusu, paka wetu wa sikio moja.
Yeye hakuwahi kuwa na tundu.
Amehamia juu ya kabati la vyombo,
anamtazama mgeni kama karani anavyotazama barua isiyo na muhuri.
Jumatano alishuka hadi mkono wa kochi.
Alhamisi akarudi juu, na kikombe kimoja kikavunjika.
Bata hawakuulizwa chochote,
walipita katikati ya mbwa wawili wakinung'unikia maji.

Kazi imebaki ya kuwaita.
Jioni ya kwanza mama alisimama na sufuria,
akafungua mdomo, akaufunga,
akagonga sufuria kwa mwiko.
Jioni ya pili vivyo hivyo.
Jana akajaribu. "Mtachoka!"
Kwa sauti ile ya kila siku.
Akanyamaza, akaangalia kule kwa Egesa
ambako taa haijawashwa wiki ya tatu sasa.
Halafu chinichini, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake:
"Hatuchoki.
Njoo. Leo hakuna mihogo."