Jiwe la Tatu

Masvingo nilikata tiketi kwa dola, wakanipa risiti.
Ningali nayo ndani ya pasipoti,
pale mihuri ya Nakonde na Chirundu inapobanana.
Ukungu ulikuwa kama wa Mufindi, ila haukunukia chai.
Kiongozi wetu aliupapasa ukuta kwa macho tu:
"Hapana saruji, hapana udongo.
Jiwe limelala juu ya jiwe, miaka mia saba.
Msiguse."

Nikangoja ageuke.
Kwa kidole kidogo, nikagusa.
Baridi. Jiwe tu, lakini koo likanikaba.

Bibi mmoja wa Hamburg, mwenye mkongojo na kofia ya ukindu,
akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili cha kujifunza:
"Na kwenu, mna magofu?"
Nikajibu upesi, kama mtoto aliyeulizwa habari za sukari:
"Iringa? Hapana. Sisi tuna mahindi."

Siku tatu za basi. Tunduma tulilala kituoni,
parachichi la Uyole likaivia mfukoni, likanichafua,
Makambako baridi ikaniingia hadi magotini.

Kalenga, jioni.
Shangazi Semkondwa hakuuliza nimeona nini.
"Kamwene," akasema. "Kaa, maji yanachemka."
Nikakaa. Moshi ukanitoa machozi, ndipo nikayaona mafiga:
mawili ya mviringo, ya mtoni,
la tatu limechongwa pembe,
kama lililowahi kuwa na kazi nyingine.

"Hilo?" Akachochea kuni.
"La ngomeni. Mizinga ililiangusha, bibi yako akaliokota
mwaka wa njaa, akalibeba kichwani, na mimba ya baba yako tumboni.
Figa moja haliinjiki chungu. Mawili je?"
Akasonga ugali. Sufuria ikaitika, po, po.

Kumbe ukuta haukwisha. Uligawanywa.
La mlangoni liko kwa Kivamba, limekandamiza bati.
Lingine wananolea visu siku za harusi.
Hakuna aliyeandika popote: msiguse.

Nikanyoosha kidole kilekile cha Masvingo.
Nikaungua.
Shangazi akacheka hadi kilemba kikamlegea:
"Umeenda mbali mpaka umesahau kwamba jiko ni moto!"

Na mimi, kidole kinywani,
nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya Hamburg,
isiyo na anwani.