Vya Majira

Nimeruka maduka mawili ya dawa Tandika,
yananijua kwa jina la mwanangu.
La tatu, kule Buza, halinijui:
feni inalia kama mlango,
mizani ya uzito ni shilingi mia mbili.

"Panadoli," nikasema.
"Na nini tena?"
"Na... plasta."
Eliwaza, jina lake liko kifuani,
akanitazama, akainama juu ya kaunta:
"Vya majira?"

Majira. Kama masika, kama vuli,
kama vile mvua nayo ingeweza kuambiwa ngoja.

Unanyonyesha? Kichwa kinakugonga upande mmoja? Presha ulipima lini?
Akanivika mkononi ule mkanda wa upepo,
ukanibana, ukaniachia.
"Uko sawa. Kimoja kila siku, saa ile ile.
Shikilia kitu usichokisahau."
Nikashikilia adhana ya isha.

Nyuma yangu, kikohozi nikijuacho.
Wifi Nuriati!
Yeye aliyeniambia Iddi, mbele ya sahani za pilau,
mtoto mmoja ni jicho la chongo.
Plasta ikanidondoka.
Akaiokota. Akafungua pindo la kanga,
akanyoosha noti kwa kucha, moja moja.
"Nipe na mimi," akasema, "kama vya huyu."
Hakunitazama.

Tulirudi kwa njia mbili.
Vyangu viko kwenye kopo la hiliki;
vyake sijui, na sitauliza.

Usiku ule aliniongezea mchuzi bila kuombwa.
Adhana ilipotoka tukanyanyuka sote wawili,
kila mmoja na kikombe chake cha maji.