Turubai la Bluu

Zabibu za Machi nilimwachia Ndahani azipime mwenyewe.
Nikafunga mlenda mkavu kwenye mfuko wa sukari,
nikapanda ndege kwenda kumwona mjukuu.

Uwanjani kule, kijana mwenye glovu nyeupe
aliunusa mlenda wangu, akauweka mezani,
akamwita mwenzake, naye akaunusa.
Nikawaambia, hii mboga. Nikatafuna kidogo mbele yao.
Wakaniinamia kwa heshima zote
na wakabaki nao.

Chilewa amenenepa.
Mkewe, Sachie, alinivua viatu kabla sijainama.
Mtoto alijificha nyuma ya mlango wa karatasi,
akachungulia, akasukumwa, akatoa
neno moja alilofundishwa wiki nzima:
Mbukwenyi.
Mbukwa, nikajibu. Maneno yakatuishia hapo,
tukabaki kutazamana,
mmoja ana kufuli, mwingine ana ufunguo wa kufuli nyingine.

Kesho yake wakanipeleka kuona maua.
Treni haikuchelewa hata kwa kikohozi.
Tukashuka karibu na mto, watu wamefurika
kama mnada wa Msalato, ila hakuna anayepaza sauti.
Na chini ya miti, turubai za bluu.
Watu wamevua viatu, wamekaa, chakula kipo katikati.
Moyo ukanishuka.
Nikajifunga kanga vizuri, nikatafuta noti ya rambirambi,
nikamshika Chilewa mkono:
Nani amefariki?

Alicheka mpaka akachuchumaa.
Sachie, alipotafsiriwa, hakucheka.
Alitazama juu, maua yanadondoka na upepo hakuna,
akasema jambo. Mwanangu akanifikishia
kwa Kiswahili chake kilichoanza kushika kutu:
Anasema, mama, hujakosea sana.

Mimi mkulima. Niliuliza matunda yake huvunwa lini.
Hayaliwi.
Basi mbao?
Haukatwi.
Tukapita penye mkongwe mmoja, mgongo umepinda,
umeegemezwa magongo saba,
shina limeviringishwa gunia kama mguu ulioteguka.
Kwetu mti ukichoka hivyo, jioni ni mkaa.
Sikulisema. Niliyahesabu magongo mara mbili,
nikamkumbuka mama, wodini Mvumi,
tulivyomwegemeza kwa mto mmoja tu,
nao wa kuazima.

Riku alikuwa anaokota petali moja moja
na kunitia mfukoni mwa koti, kama anayelipa deni.
Sikumzuia.
Wakanionyesha na ngome, na mnara, na samaki wenye madoa
wanaokuja wakipigiwa makofi.
Vizuri vyote. Picha zipo kwenye simu, muulizeni Ndahani.

Sasa Mei inaisha, Hombolo ina baridi na vumbi.
Mizabibu niliyopogoa niliporudi imechanua.
Ndiyo, mzabibu nao huchanua.
Miaka thelathini na mmoja nalima, sikuwahi kulitamka.
Ua lake ni kijani, dogo kama pumba ya uwele,
linaanguka usiku, asubuhi sisimizi wameshalihamisha.

Jana nililikung'uta turubai la kuanikia uwele,
nikalitandika kati ya mistari miwili,
nikavua kandambili, nikakaa na chupa ya chai.
Koti lile nililivaa kwa sababu ya baridi.
Mfukoni, vidole vilikuta kitu kama maganda ya vitunguu.

Mama Lusito akapita, akasimama.
Akatua kuni zake polepole,
akajifunga kanga vizuri.
Nani amefariki?

Nikamsogelea kando, nikampa nafasi.
Alikaa. Tulinyamaza kitambo.
Kisha akauliza bei ya zabibu mwaka huu,
nikamwambia sijui,
na kitu kidogo kikamdondokea begani,
hakukipangusa.