Dole la Kulia

Nimeshuka Bugarika kabla jua halijagusa mawe,
ngazi mia na kumi na nne, nazijua kwa magoti,
faili la plastiki kwapani:
barua ya mjumbe, barua ya mtendaji,
picha nne za mama mkwe, zote kafumba jicho moja,
na cheti cha daktari, mwandiko kama kuku kaparua.
Bibi Nyabise nimemwacha kwa jirani,
uji kwenye chupa ya chai, kanga kuukuu chini yake,
na ahadi kwamba saa sita nitakuwa nimerudi.
Saa sita ilipita bila kuniuliza.

Ofisini benchi ni moja, watu ni wa benchi tatu.
Bwana mwenye kalamu mbili mfukoni hakuinua uso.
"Ni mama yako?"
Ni mama wa mume wangu.
"Mume yuko wapi?"
Geita, shimoni, mwaka wa pili huu,
na simu yake inajibiwa na mwanamke wa mtambo
ambaye hata jina lake halijui.
"Basi mgonjwa ana mtoto mwenye uwezo."
Akaandika. Neno *uwezo* likakauka mbele ya macho yangu
kama dagaa juu ya mwamba:
kwa mbali fedha, kwa karibu miba.

"Nyumba?"
Ya bati.
"Bati ni nafuu."
Sikumwambia kwamba tukilala tunahesabu nyota.

"Kazi ya mwombaji?"

Hapo nikanyamaza.
Nilikuwa na meza Mwaloni, Kirumba,
dagaa wa Ukerewe kwa debe, wateja mpaka wa Kongo.
Meza ikaenda kwa Kalunde, mtaji ukaenda kwenye sindano.
Sasa kila saa mbili namgeuza mtu, mgongo usimwoze,
namlisha kwa kijiko cha mtoto,
napandisha ndoo nne, nakanda mguu usionisikia,
na usiku naamka kabla hajaita,
kwa kuwa haiti; sauti iliondoka na upande wa kulia.
"Hana kazi," akajisemea, akaandika.
Mstari ulikuwa mfupi. Ulimtosha.

Kisha akavua miwani, akawa mtu.
"Sikiliza, mama. Hii ya kaya itachelewa, mpaka waje wahakiki.
Umri wake?"
Sabini na moja.
"Nenda hospitali, uliza watu wa ustawi wa jamii.
Waambie unaomba msamaha.
Fomu hainunuliwi. Akikudai mtu, wewe dai risiti,
utaona atakavyokumbuka kazi nyingine."

Msamaha!
Nilipanda ngazi nikilichekea neno hilo.
Nani kamkosea nani, Bibi,
hata mimi na wewe ndio tuombe msamaha?

Fomu inataka dole gumba. La kulia.
La kushoto, kasema, litarudishwa.
Akaniazima kidau cha wino, nikirudishe kesho.

Huko chini karabai zimeshaanza kuwaka ziwani;
kuna mtu atauza kesho, si mimi.
Nikaliinua dole lake, zito, halijui linaombwa nini,
nikalishika kama anavyoshikwa mtoto siku ya kwanza ya kuandika,
nikalibonyeza kwenye wino, nikalibonyeza kwenye karatasi.
Alama ikatoka nyeusi, kamili, mifereji yote ipo,
kama ya mtu anayeamka akaenda zake sokoni.
Karatasi haijui kiharusi.
Bibi akaitazama. Mdomo ukavutika upande ulio hai.
Sijui kama alicheka.

Nikamsugua kwa kipande cha sabuni na majivu.
Wino wake ulitoka mapema.
Wangu bado upo, hapa, kwenye gumba na kidole cha shahada,
pale nilipomshikia.
Na kwenye fomu, kando ya alama yake,
ipo nusu ya alama nyingine, nyembamba,
imevuka mstari.

Kesho wataniuliza ni ya nani.