Shingo Upande

Kisanduku cha barua cha Egon nilikigonga Jumanne,
saa tatu asubuhi, kweupe, theluji haijaanza.
Nilikuwa narudi nyuma. Nilitazama nyuma.
Yaani nilidhani nimetazama:
macho yalikwenda, mabega yakafuata,
shingo ikabaki palepale, imeelekea mbele
kama mtoto aliyenuna.

Egon hakusema neno. Aliokota mbao,
akaniangalia jinsi watu wa Mors wanavyoiangalia mvua.
Jioni binti yangu akapiga simu kutoka Aarhus:
Mama, nenda kwa tabibu wa maungo.
Nikakubali shingo upande,
japo upande huo ndio niliokuwa sina.

Miaka thelathini na minane nimesimama majukwaani,
kanisa hadi kanisa, kichwa nimekilaza mgongoni,
nikikwangua chokaa kwa kisu kidogo kama ukucha,
nikiwafukua watakatifu waliozikwa na rangi nyeupe.
Shetani wa Sindrup, yule mwenye nyuso magotini,
mimi ndiye niliyemwona kwanza baada ya karne nne.
Hakuna aliyeniambia kwamba dari nayo huandika,
kwa herufi ndogo, ndani ya mifupa,
kisha husubiri.

Asger Dalum ni rika la kitinda mimba wangu.
Hupasha viganja kwenye kikombe cha chai
kabla hajamgusa mtu.
Aliitundika picha ya eksirei mbele ya taa.
Kusoma kuta ndiyo kazi yangu; hii niliisoma peke yangu:
pingili ya tano imeikalia ya sita,
gegedu kati yao limebaki jina,
kingo zimeota vinundu
kama nta iliyochuruzika ikaganda.
"Ziko saba tu," akasema. "Hata twiga ana saba."
Sikucheka.
Akapima, akaandika: kulia, nyuzi thelathini na nane.
Ujanani huwa themanini hivi.
"Nyingine zimekwenda wapi?"
Akafikiri kidogo.
"Umezitumia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ule mlio, kwaa!
ambao shemeji yangu huusimulia kila Krismasi
kana kwamba alivunjwa tawi.
Asger akakataa. Mifupa yako imekonda, akasema,
si ya kuvutwa kwa ghafla.
Akakipokea kisogo changu kwa mikono miwili
jinsi nipokeavyo mimi lipu iliyobanduka:
huisukumi, unaisikiliza,
unaibembeleza pembeni mpaka ikubali.
Nikamtambua fundi mwenzangu.
Chozi likatoka jicho moja, likaingia sikioni.

Tangu Holger afe hakuna aliyenishika kichwa.

Wiki ya tisa sasa. Kila asubuhi, birika likichemka,
kidevu ndani, kidevu begani, polepole,
hadi inapokaza, si hadi inapouma.
Paka anadhani kuna kitu ninamkatalia.
Siku nyingine shingo hunipa, siku nyingine huninyima;
mvua ikikaribia hufunga mlango na kitasa.
Asger hakuniahidi ujana.
Alitoka nje na koti lake la kazi, kwenye baridi,
akanifundisha kurekebisha vioo vya gari.

Leo kapima tena: kulia, hamsini na moja.
Nyuzi kumi na tatu. Mtu atacheka.
Lakini humo ndani kimo kisanduku kipya cha Egon,
amekipaka rangi nyekundu, kwa ajili yangu nadhani;
umo pia mto wa Holger, wote,
hadi mshono wa mwisho,
bila kulazimika kugeuza mwili mzima.

Majukwaani sipandi tena. Hupanda Signe.
Mimi hulala chali kwenye benchi la kanisa,
taulo limeviringwa chini ya shingo,
kama maiti mwenye maoni,
na kumwelekeza kwa kidole:
kushoto, Signe. Kushoto kidogo tena.
Hapo. Kwangua taratibu.
Hapo kuna jicho.