Kukagua Karavani, Lanet

Andika, Sigei. Tumia mgongo wa ile kalenda ya duka la dawa za mifugo,
penseli hiyo hiyo bapa, na usiilambe.
Mlango: unafunguka kwa bega. Bawaba ya juu imeliwa na kutu.
Ya chini si bawaba, ni waya wa seng'enge,
na ndio umeushika mlango miaka yote hii.

Ndani. Ngoja macho yazoee.
Harufu kwanza: panya, mafuta ya taa,
na kitu kitamu kilichooza zamani.
Bwana Otiato amesimama nje na funguo za gari mkononi.
Anataka kuuza kahawa humu, juu Menengai,
kwa wanaopanda kutazama shimo.
Anauliza, "Siku ngapi?"
Simjibu. Mgonjwa hata shati hajavua.

Sakafu: lino la miraba, kijani na rangi ya maziwa.
Mbele ya sinki limelika umbo la nyayo mbili;
mtu aliosha vikombe hapa miaka na miaka
bila kusogea hata inchi.
Usiandike hilo. Andika: lino, toa.

Jiko la gesi, vichwa viwili. Kimoja kina kiota cha nyigu,
wenyewe wamehama, udongo wao mgumu
kuliko saruji tunayouziwa siku hizi.
Kabati tatu. Moja haina mlango.
Ya pili imejaa risiti za maziwa, umri wake unaupita wako.
Ya tatu imekwama. Iache kwanza.

Meza inayogeuka kitanda:
hii ni kazi ya mtu aliyefikiri. Tazama skrubu,
mifereji ya vichwa vyake yote imeelekea upande mmoja,
kama waumini safuni.
Hii haitolewi. Andika kwa herufi kubwa.

Sasa dari. Doa la maji, kahawia,
kingo zake kama ramani ya wilaya iliyogawanywa mara tatu.
Nimechoma bisibisi kidogo tu,
imezama kama kwenye mkate uliolowa chai.

Maji hayakai yalikoingilia. Yafuate.
Yameshuka hadi ukuta wa nyuma, juu ya mto wa kulalia.
Hapa pana plaiwudi ngeni, krimu yake hailingani na ya wenzake.
Gonga. Ko, ko, ko. Halafu: pu.
Mtu aliuona uozo, akauvisha nguo.

Nilikuwa na la kumwambia Sigei kuhusu mafundi wa namna hiyo,
kinywa nimeshakifungua,
ndipo nikaiona misumari.
Mitatu kila kona, wa kati umelalia kushoto.

Nakuru nzima hakuna mwingine aliyepiga hivyo.
Miaka ishirini na miwili, mimba ya Wairuri tumboni,
karakana ya kuazima nyuma ya stesheni.
Mwenye karavani, daktari wa ng'ombe, alikuwa na haraka ya Rumuruti,
nami nilikuwa na haraka ya kodi.
Karavani yenyewe sikuikumbuka. Nimeikumbuka rangi:
ilibaki kidogo koponi,
nikakipaka kitanda cha mtoto.

Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua.
Kilio gani? Ni pu tu,
sauti ndogo ya ubao uliosubiri miaka ishirini na saba
mtu wa kuugonga.

Otiato anaingiza kichwa. "Vipi hapo nyuma?"
Pameoza, nasema. Fundi aliyetangulia alifunika.
"Mafundi!" Anacheka, anatikisa funguo.
Fundi mwenyewe ni mimi, nasema.
Funguo zinanyamaza.
Sigei ananitazama, penseli imesimama.

Andika.
Ukuta wa nyuma, wote, hadi kwenye fremu.
Saiprasi iliyokauka, si ya juzi. Siku nne.
Gharama ya ufundi: piga mstari.
"Mstari, mama?"
Mstari. Hiyo ililipwa zamani.
Nipe nyundo, tuifungue ile kabati.